Jinsi ya kuwinda mianya kwenye Nomic, mchezo unaojibadilishia kanuni

Jumamosi moja jioni, barazani kwangu Magomeni, Neema alitoa kwenye mfuko wa sketi kipande cha sabuni ya mche. Alikuwa amekikata kwa kisu kikawa mchemraba, na kila upande ameandika kwa kalamu ya wino namba 50. Akakirusha juu ya mkeka, kikabingirika, kikatulia karibu na sahani ya kashata.

"Hamsini," akasema. "Bibi, niandikie alama zangu."

Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 22 kabla ya kustaafu. Nimeona watu wengi wakisoma sheria kwa jicho la kutafuta pa kutokea, wengine wakiwa na mawakili wao na mafaili mazito. Yule binti wa kidato cha nne alikuwa na sabuni, na alikuwa amesoma kanuni kwa makini kuliko sisi wote tuliokaa pale. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuuona mwanya kama alivyouona yeye, na kujua namna ya kuuziba, ambayo ndiyo kazi nzito zaidi.

Mchezo wenyewe unaitwa Nomic. Aliyeubuni ni Peter Suber, aliyekuwa mwalimu wa falsafa katika Chuo cha Earlham, jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 1982 kanuni zake zilichapishwa kwenye safu ya Douglas Hofstadter katika jarida la Scientific American. Kwenye bao unasogeza kete; kwenye Nomic unasogeza kanuni. Zamu yako ikifika unapendekeza kanuni mpya, au unarekebisha au kufuta iliyopo, watu wanapiga kura, kisha unarusha dadu na kuongeza alama. Wa kwanza kufikisha alama 100 ameshinda, isipokuwa kama kanuni hiyo nayo imebadilishwa kabla hajafika.

Unaanza na kanuni 29. Namba 101 hadi 116 sisi tunaziita ngumu, na 201 hadi 213 tunaziita laini. Laini unairekebisha moja kwa moja. Ngumu lazima kwanza igeuzwe kuwa laini, na hilo linahitaji kura ya kila mchezaji bila hata mmoja kukataa. Pakitokea mgongano, ngumu inaishinda laini.

Vifaa ni vichache: watu watatu au zaidi (sisi tuko watano), dadu ya ludo, kauntabuku nene na kalamu. Jambo la kwanza ni kuziandika zile kanuni 29 kwa Kiswahili, kwa mkono wako. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo. Mkono unapoandika ndipo akili inapojikwaa, na pale unapojikwaa ndipo mwanya ulipo. Nilipofika kanuni ya 105 niliandika kwamba kila mchezaji lazima apige kura katika kila pendekezo. Mpwa wangu Hamisi alikuwa anasoma begani kwangu. Akaniuliza, "Mama mkubwa, lazima apige, sawa. Lini?" Nikarudi kwenye kanuni zote 29 kutafuta. Muda haukutajwa popote.

Baada ya kuandika, anza na 116 hata kama iko mwisho wa orodha ya zile ngumu. Inasema kwamba lolote lisilokatazwa wala kuwekewa utaratibu na kanuni limeruhusiwa, isipokuwa kubadilisha kanuni, ambako lazima kuwe na ruhusa. Hiyo ndiyo inayowapa wawindaji leseni. Ukishaielewa utaacha kusoma kanuni kwa kutafuta kilichoandikwa, utaanza kutafuta kilichonyamaziwa.

Wanaoanza hukosea hapa: wanatafuta kanuni mbovu. Wanaisoma moja moja, hii nzuri, hii nzuri, hii nayo nzuri, kisha wanasema mchezo hauna mianya. Mwanya mkubwa ni nadra kukaa ndani ya kanuni moja. Unakaa kati ya mbili au tatu, ambazo kila moja peke yake ni safi. Sabuni ya Neema inalionyesha hilo vizuri, kwa hiyo nitaieleza hatua kwa hatua.

Tulikaa hivi, kufuata mwendo wa mishale ya saa: mimi, jirani yangu Mama Zuhura, Hamisi, Neema, kisha Baba Asha wa bodaboda. Tulikuwa mzunguko wa tatu. Katika mizunguko miwili ya mwanzo kanuni ya 203 inataka kila pendekezo likubaliwe na wote, lakini isiporekebishwa, mzunguko wa pili ukiisha inajigeuza yenyewe na kura za walio wengi zinatosha. Kwetu watano, tatu zinatosha. Neema alikuwa na alama 9. Akarusha sabuni.

Kanuni ya 202 inasema urushe dadu moja, mara moja, uongeze namba iliyotokea kwenye alama zako. Haisemi dadu iwe na namba gani. Mimi na Baba Asha tukapinga palepale. Pakitokea ubishi, kanuni ya 212 inamfanya mchezaji aliyetangulia kabla ya mwenye zamu kuwa hakimu. Aliyetangulia kabla ya Neema ni Hamisi. Hamisi akasimama, akaliweka sawa shati lake, akahukumu: "212 inaniambia niangalie desturi na moyo wa mchezo pale kanuni zinaponyamaza, zinapopingana au zisipoeleweka. 202 inaeleweka. Dadu moja, mara moja, namba iliyotokea. Alama 50 ni halali."

Tukasema tunaitengua hukumu. Ndipo nikaisoma 212 mpaka mwisho, na moyo ukanienda mbio. Hukumu inatenguliwa tu kwa kura ya pamoja ya wachezaji wengine wote. Wengine wote maana yake ni wote isipokuwa hakimu. Na Neema, ambaye hatua yake ndiyo inayobishaniwa, naye ni mmoja wa hao wengine. Bila kura yake hukumu haitenguki. Watu wawili, mwenye zamu na aliyekaa kabla yake, wakielewana, wanawashinda watatu daima.

"Mlikutana lini?" Mama Zuhura akauliza.

"Alhamisi, kwenye kibanda cha chipsi," Neema akajibu bila kuficha. Kanuni ya 210 inakataza wachezaji kula njama, lakini ni njama juu ya mabadiliko ya kanuni yajayo. Sabuni haikuwa badiliko la kanuni. Njama juu ya hukumu haikukatazwa popote, na 116 inasema kisichokatazwa kimeruhusiwa.

Hesabu basi: 202, 210, 212 na 116. Ukizisoma moja moja huoni kosa. Ukizipanga pamoja ni mlango wazi. Kwa hiyo unapowinda, fanya kama Neema. Baadaye alinionyesha daftari lake: amechora kila kanuni kwenye duara lake na kuunganisha kwa mstari zile zinazotumia neno moja. "Mchezaji" lilikuwa na mistari mingi kuliko yote. Neno linalopita kwenye kanuni nyingi bila kufafanuliwa ndilo la kulifuata kwanza.

Kisha kuna maswali ambayo mimi huiuliza kila kanuni. Nani anahesabiwa? Kuanzia lini mpaka lini? Nani anaamua, na je, yumo kwenye wanaoweza kumpinga? Swali la wakati lina utamu wake wa kipekee kwa Kiswahili. Mapema tuliwahi kupitisha kanuni ndogo ya kuwapa alama 5 watakaoniletea pendekezo lao kwa maandishi "kabla ya usiku wa Ijumaa". Mama Zuhura ni mtu wa Pwani, na kwake siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Baba Asha kalelewa Dodoma, akaleta lake Ijumaa saa kumi na mbili jioni akiwa na hakika kabisa amewahi. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili sahihi. Tangu hapo tunaandika tarehe na saa, na kama ni usiku tunasema wa kuamkia siku gani.

Kuna wanaopenda kuwinda kanuni ya 213. Hiyo inasema mchezo ukifika mahali hauwezi kuendelea, au uhalali wa hatua ukawa hauamuliki, mchezaji wa kwanza anayeshindwa kumaliza zamu yake ndiye mshindi. Hamisi aliijaribu mapema, mzunguko wa pili, kwa kutumia kile alichokiona begani kwangu. Tulipopigia kura pendekezo lake, Neema akasema bado anafikiria. Nusu saa ikapita. Hamisi akatangaza kwamba hawezi kumaliza zamu, kwa hiyo ameshinda. Hakimu alikuwa Mama Zuhura. "Kuchelewa si kushindwa," akasema. "Daladala ikikwama kwenye foleni Ubungo haijafika, lakini haijashindwa kufika. Neema, piga kura mwanangu." Ikaishia hapo. Maoni yangu ni kwamba 213 uiwinde ukiwa na mchana mzima na watu wavumilivu, kwa sababu ikifanikiwa inaua mchezo.

Sasa kuziba, na hapa naomba usome taratibu.

Neema alikuwa na 59. Tukimwacha, mzunguko ujao sabuni inampa 109 na mchezo umekwisha. Zamu nne zilikuwa mbele yake. Baba Asha akapendekeza, namba 315, kurekebisha 202: dadu iwe na nyuso sita zenye namba 1 hadi 6, kila namba mara moja. Ikapita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Na hapo tukagundua gharama. Kanuni ya 204 inasema mapendekezo yanapoweza kupita bila kura za wote, waliopinga pendekezo lililoshinda wanapata alama 10 kila mmoja. Neema akawa na 69 kwa kupinga tu. Mimi nikapendekeza 316, kurekebisha 212 ili mwenye hatua inayobishaniwa asipige kura ya kutengua. Tatu kwa mbili. Neema 79. Kila tulipoziba tundu, tulimlipa.

Mama Zuhura alikaa kimya muda mrefu, shanga za tasbihi mkononi. Kisha akapendekeza 317: kufuta 204 yenyewe. Tatu kwa mbili, imepita. Neema akanyoosha mkono: "Na alama zangu 10 za kupinga hii?"

Kanuni ya 205 inasema badiliko linaanza kazi kamili wakati ule ule kura inapokamilika. Alama za kupinga zinapatikana pendekezo likiwa limeshinda, na haliwezi kuitwa limeshinda kabla kura haijakamilika. Kwa hiyo wakati alama zinazaliwa, kanuni inayozizaa inakufa. Ipi inatangulia? Hakimu wa zamu ya Mama Zuhura nilikuwa mimi. Nikahukumu kwamba kanuni iliyokufa haizai, alama hakuna. Neema na Hamisi wakataka kutengua. Nikamwambia Neema kwamba kwa kanuni mpya niliyoiandika mwenyewe hana kura. Akanisomea maneno yangu: "Bibi, umeandika mwenye hatua. Hatua ni ya Mama Zuhura. Zangu ni alama tu." Alikuwa sahihi, kura nikamrudishia. Kilichoiokoa hukumu yangu ni Baba Asha kukataa kuitengua. Kipande nilichokishona kilikuwa na tundu lake, na sijapata bado njia ya kushona isiyoacha tundu. Kinachosaidia ni kumpa mtu aliyekuzidi ukali akisome kabla ya kura.

Jambo jingine kwenye kuziba, ambalo wengi hulipita. Kanuni ya 108 inasema kanuni ikirekebishwa inachukua namba ya pendekezo lililoirekebisha. 202 yetu sasa ni 315, na 212 ni 316. Na kanuni ya 211 inasema laini mbili zikigongana, yenye namba ndogo ndiyo inashinda. Unaona? Kila unaporekebisha kanuni unaidhoofisha, unaisogeza nyuma ya foleni. Ile ile uliyotaka kuiimarisha sasa inaweza kupinduliwa na kanuni ya zamani uliyoisahau. Dawa iko ndani ya 211 yenyewe: kanuni ikisema waziwazi kwamba inatangulia nyingine, tamko hilo linashinda hesabu ya namba. Kwa hiyo kila kiraka unachoandika kimalizie kwa kutaja kinatangulia nini. Mimi sikufanya hivyo kwenye 316, na zamu yangu ijayo ndiyo kazi yake.

Naeleza kwa kirefu kiasi hiki kwa sababu nimeona mwanya wa aina hii ukila fedha za watu. Kabla sijaujua mchezo huu, nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tulikuwa 24. Katiba niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa mahakamani, na kifungu cha marekebisho kilisema: kifungu chochote kitabadilishwa kwa kura za theluthi mbili ya wajumbe waliohudhuria. Sikuandika akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Masika ile maji yalifunga barabara pale Jangwani, na siku ya kikao wakafika tisa. Sita kati yao wakapiga kura ya kubadilisha kiwango cha mkopo, kutoka mara tatu ya hisa za mtu hadi "kadiri uongozi utakavyoona". Sita kwa tisa ni theluthi mbili kamili. Hawakuvunja kifungu hata kimoja. Mikopo miwili mikubwa ikatoka, haikurudi kwa wakati, na mwisho wa mwaka siku ya kugawana kuna wajane walioondoka na nusu ya akiba yao. Nilikaa nao. Niliijua kila sura.

Linganisha na Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Inataka marekebisho ya Katiba yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani yanayogusa Muungano, theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Bara na theluthi mbili ya wote kutoka Zanzibar. Wote, si waliohudhuria. Neno moja tu. Kama una katiba ya kikundi, ya msikiti, ya kwaya au ya timu ya mtaani, kabla ya kuendelea kusoma ichukue, fungua kifungu cha marekebisho, uone ni neno lipi limeandikwa pale. Kisha uone kama kifungu hicho chenyewe nacho kinaweza kubadilishwa na hao hao wachache.

Kwa watakaocheza kwa WhatsApp, kanuni za Suber zina utaratibu wa wachezaji walio mbali. Badala ya dadu unachukua namba ya pendekezo lako, unatoa 291, kisha unazidisha kwa sehemu ya kura za ndiyo ulizopata. Pendekezo la 301 likikubaliwa na wote linakupa 10. Ushindi nao unakuwa alama 200. Angalia kwamba anayependekeza baadaye anapata zaidi, na fikiria mwenyewe nani atafaidika. Kuna kundi liitwalo Agora linalocheza kwa barua pepe tangu mwaka 1993, na bado halijachoka.

Ukiupata mwanya, utumie hadharani. Onyesha kanuni zako, taja namba, kubali hakimu akuhukumu. Neema hakukana kibanda cha chipsi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemkasirikia. Baba Asha alimnunulia soda. Andika kwenye kauntabuku kila hukumu na sababu zake, siyo matokeo tu, maana kesho hiyo ndiyo itakuwa desturi ambayo 212 inamtaka hakimu aiangalie.

Zamu sasa ni ya Neema tena. Hamisi alikosa kura kwa 318 na kupoteza alama 10. Neema amependekeza 319, nainakili kama ilivyo kwenye daftari: "Mchezaji asiyepiga kura ndani ya dakika tano atahesabiwa amepiga kura ya ndiyo. Kanuni hii inatangulia kanuni zote laini." Ni kiraka cha lile tundu la kuchelewa alilolitumia yeye mwenyewe, na amemalizia kwa tamko la kutangulia, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Baba Asha akatazama simu yake, Mama Zuhura akatazama saa ya ukutani ndani, ambayo iko mbele kwa dakika saba, na adhana ya magharibi ikaanza kabla hatujapiga kura. Dakika tano zinaanza lini, na kwa saa ya nani? Tunakutana Jumamosi saa kumi alasiri, na nimeshaandika maswali yangu sita pembeni mwa ukurasa.